Nataka kuandika historia ya manamba wa mkonge. Nianzie wapi?

*"Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya Historia, na natakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti baada ya wiki sita. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akiwa kijana, akaletwa Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge wilayani Muheza. Hakurudi tena kwao. Alifariki nikiwa darasa la nne. Bibi bado yupo, na ametunza kadi ya kazi ya babu iliyochakaa. Nilipeleka mada hii: 'Historia ya Manamba katika Mashamba ya Mkonge Tanga, 1893–1967'. Msimamizi wangu akairudisha na maneno mawili tu: 'Pana mno.' Wenzangu wanasema masimulizi ya wazee si ushahidi, na kwamba nyaraka zenyewe ziko London na Berlin. Mwingine amenishauri niandae hojaji ya watu 50 nitoe asilimia, ndipo kazi ionekane ya kitaalamu. Nina wiki mbili tu za kukaa Muheza, na pesa ni kidogo. Je, nibadilishe mada? Na kama sibadilishi, nipange vipi?"*

Marahaba, mwanangu. Usibadilishe. Una kitu ambacho wanafunzi wengi wa historia hukitafuta mwaka mzima wasikipate: mtu aliye hai anayekumbuka, karatasi halisi mkononi, na sababu yako mwenyewe ya kutaka kujua. Kinachokosekana ni swali, na ndicho msimamizi wako alichokuwa anakuambia kwa yale maneno mawili. Ukisoma "pana mno" ukadhani anataka upunguze miaka tu, utaikata 1893 uweke 1930, na itarudi tena.

"Historia ya manamba katika mashamba ya mkonge Tanga" ni eneo. Ndani yake unaweza kuandika juu ya bei ya singa (nyuzi za mkonge) katika soko la dunia, malaria kambini, migomo, wanyapara, dini, chakula, au reli. Kwa kuwa mada hiyo haikukatazi chochote, haikusaidii kuchagua. Utakusanya kila unachokutana nacho, na mwisho utakuwa na kurasa sitini zinazoanza na Dk. Richard Hindorf na miche yake 62 ya mkonge mwaka 1893, kama zinavyoanza ripoti zote za mkonge, kisha zinapita juu kwa juu hadi kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Msomaji hatajua ulitaka kumwambia nini.

Swali hufanya kazi tofauti. Ukishaliuliza, papo hapo unajua ni nani anaweza kulijibu, ni karatasi gani ingebaki kama jibu ni hili na si lile, na ni mambo gani uyaache hata kama yanavutia. Na swali lako tayari umeliandika, ila umelipita haraka: "Hakurudi tena kwao."

Tulia hapo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Vijana walichukuliwa mbali sana na Tanga, Kigoma ikiwemo, kwa mkataba wa muda maalumu, na utaratibu ule ulikuwa na safari mbili: ya kuja na ya kurudi. Mfumo mzima ulisimama juu ya wazo kwamba mtu huyu ataondoka. Mwajiri alimlipa kama mtu mmoja asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba lililoko kwao, na kwamba akizeeka au akiugua atarudi huko. Sasa, mtu aliyebaki anakwenda kinyume na hesabu hiyo. Lazima kuna kilichomfanya abaki, na hicho hakijiandiki chenyewe kwenye ripoti ya shamba. Kwa hiyo ningekushauri uliweke swali hivi: *Kwa nini baadhi ya manamba waliotoka Kigoma walibaki katika vijiji vya Muheza baada ya mikataba yao kwisha, kati ya 1950 na 1975?*

Miaka hiyo sikuiokota. Mwaka 1950 ni wakati wa vita vya Korea, bei ya mkonge ilipopanda na mashamba yalipohitaji watu wengi. Pia ndiko kumbukumbu za watu walio hai zinapokaribia kufika: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa anagonga 90. Nyuma ya hapo utakuwa unawahoji watu juu ya mambo waliyosimuliwa, na hiyo ni kazi ya aina nyingine. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika kileleni, takribani tani 230,000, kisha bei ikaporomoka kadiri kamba za nailoni zilivyoingia sokoni. Mashamba yakaanza kupunguza watu, na hapo aliyebaki alibaki wakati kazi yenyewe inaondoka. Mwaka 1975 ndipo ilipotungwa sheria ya kusajili vijiji. Baada ya hapo mtu alihesabiwa kuwa mwanakijiji wa mahali fulani, na swali la "wewe ni wa wapi" likapata jibu la kiserikali. Ukimweleza hivyo msimamizi, ataona kwamba kila mwaka uliouweka una kazi yake.

Hatua inayofuata wanafunzi wengi huiruka. Kabla hujafunga safari, kaa na daftari uandike majibu yote yanayowezekana, na mbele ya kila jibu andika kingebaki nini kama jibu hilo ni kweli. Labda walibaki kwa sababu ya ardhi: basi kutakuwa na habari za nani alimpa nani eneo, lini, na kwa utaratibu gani. Labda ni ndoa: basi itabidi ujue wake walitoka wapi, na watoto walihesabiwa upande gani. Labda kwao hakukuwa na cha kurudia, kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na Kigoma haikuwa na zao la biashara la kuingiza fedha hiyo kwa urahisi. Labda walitaka kurudi wakashindwa: je, aliyeacha kazi kabla ya muda alipoteza haki ya nauli? Na aliyeongeza mkataba je? Hilo ni la kukagua kwenye nyaraka, usilibuni. Au labda hakuna aliyeamua kubaki. Huenda mtu alisema "mwaka ujao" mara nyingi mpaka akazeeka. Hilo nalo ni jibu la kihistoria, na ni gumu zaidi kulithibitisha kuliko yote.

Sasa nije kwenye waliyokuambia wenzako.

Kwamba masimulizi si ushahidi, si kweli. Kila chanzo kilitengenezwa na mtu fulani, wakati fulani, kwa sababu fulani. Ripoti ya ofisa wa kazi aliyekagua kambi iliandikwa na mtu aliyefika mchana, akapokewa na meneja, akazungumza na vibarua huku mnyapara amesimama pembeni, kisha akamwandikia mkubwa wake jambo ambalo mkubwa angependa kulisoma. Karatasi hiyo haiwi kweli zaidi kwa kuwa ina muhuri. Ina ubora wake, kwa sababu iliandikwa siku ileile na haijabadilika tangu hapo. Masimulizi ya mzee yana ubora tofauti: yanatoka ndani ya kambi. Udhaifu wake ni kwamba kumbukumbu huendelea kufanya kazi miaka yote. Huunganisha, husogeza, hupanga upya.

Lakini hata kosa la kumbukumbu lina habari ndani yake. Mwaka 1949, katika mji wa Terni nchini Italia, mfanyakazi kijana wa kiwanda cha chuma aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi kwenye maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowahoji wafanyakazi wa mji huo miaka mingi baadaye, wengi walimwambia Trastulli alikufa mwaka 1953, kwenye mapambano ya kupinga kupunguzwa kazini. Portelli hakuwaita waongo. Aliuliza kwa nini kifo kile kilihamia kwenye tukio lile, na akagundua kwamba kwa wafanyakazi wale jeraha kubwa lilikuwa kufukuzwa kazi, na mwenzao aliyekufa waliona anastahili kuwa amekufa kwa ajili ya hilo. Nyaraka zilimpa tarehe, wazee wakampa maana. Alivihitaji vyote viwili, na bila ile tarehe asingejua kwamba kuna kitu kimesogezwa.

Wewe utakutana na mambo kama hayo Muheza. Tuseme mzee anakuambia, "Tulipanda treni Kigoma, tukashuka Korogwe." Inasikika sawa kabisa. Lakini reli ya kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa hadi mwaka 1963, ilipojengwa njia kutoka Ruvu. Kama alikuja mwaka 1954, treni isingeweza kumfikisha moja kwa moja. Usimkatize wala usimsahihishe. Muulize taratibu: "Hapo katikati mlishuka popote? Mlilala wapi? Kulikuwa na lori?" Mara nyingi swali dogo kama hilo hufungua mlango, na mzee akakumbuka kituo, uji, baridi ya usiku, jina la aliyekuwa anawahesabu. Au utagundua kwamba anaunganisha safari mbili: ya kwanza ya kuja, na nyingine ya miaka ya baadaye alipokwenda kusalimia ndugu. Na kama alikwenda kusalimia akarejea Muheza, mwanangu, hapo umepata dhahabu kwa swali lako, kwa maana mtu huyo alifika kwao kwa miguu yake akaamua kuondoka mara ya pili.

Kwamba nyaraka ziko London na Berlin, nusu yake ni kweli lakini haikuhusu sana. Utawala wa Wajerumani ulikwisha na Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo kwa miaka yako Berlin haina la kukupa. London kuna majalada ya Wizara ya Makoloni, na humo utakuta zaidi yale ambayo Dar es Salaam iliona yafaa kuyapeleka juu. Mambo madogo madogo ya wilaya, malalamiko, ukaguzi wa kambi, mabishano kuhusu nauli, yatafute kwanza hapa nyumbani: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna pia jambo watu hulisahau: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ujumbe wa kuikagua ulikuja mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Ripoti zao zilichapishwa, na baadhi ya nyaraka hizo zinasomeka mtandaoni bila kulipa nauli ya kwenda popote. Usiache pia gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza 1923 na ambalo wasomaji waliliandikia barua kwa Kiswahili. Sauti za Waafrika katika maandishi ya wakati ule si nyingi, na hapo zipo.

Ukifika kwenye chumba cha kusomea, usiombe "jalada la manamba". Mwambie mhifadhi swali lako lote kama lilivyo, umpe miaka na jina la wilaya, naye atakuonyesha orodha za kuanzia. Ukilifungua jalada, anza na karatasi za mbele ambazo maofisa waliandikiana maoni kwa mkono, mmoja chini ya mwingine, kabla hujazama kwenye barua rasmi zilizopigwa taipu. Kwenye barua utaona walichoamua. Kwenye maoni yale utaona walichokuwa wanabishania, nani alikataa, nani alinyamazishwa. Na kila unaponakili, andika palepale namba ya jalada, namba ya karatasi, tarehe, nani kamwandikia nani. Usiseme nitajaza jioni. Nukuu isiyo na namba ya jalada haiwezi kutumika, na kurudi Dar kwa ajili yake ni gharama.

Hojaji ya watu 50 naomba uiache, na hapa nitasema kwa mkazo kwa sababu naona vijana wengi wazuri wakipotelea humo. Hojaji yenye visanduku ina mahali pake, pale unapojua idadi ya watu wote unaowasemea na unaweza kuchagua wachache kwa kura ili wawawakilishe wengine. Wewe huijui idadi hiyo, na hakuna anayeijua: waliobaki hai ni wachache, na utawapata kwa kuelekezwa na jirani. Ukiandika "asilimia 62 ya waliohojiwa walisema walibaki kwa sababu ya ardhi", tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu manamba wa mwaka 1958. Inasema kuhusu wazee uliowakuta nyumbani wiki hiyo. Baya zaidi, kisanduku humpa mzee majibu yako badala ya kumwacha atoe yake. Ukimpa "ardhi, ndoa, mshahara, mengineyo", atachagua moja kwa adabu ili usiondoke mikono mitupu, na jambo ambalo hukulijua kabla hutalisikia kamwe.

Mazungumzo manane hadi kumi na mawili, marefu, yaliyorudiwa pale inapobidi, yanatosha kwa shahada ya kwanza. Hakuna idadi takatifu. Utajua umekaribia pale simulizi zinapoanza kukubaliana juu ya utaratibu wa mambo na kutofautiana kwa sababu unazoweza kuzieleza. Mazungumzo mawili kwa siku, usizidishe, na jioni usikilize ulichorekodi ukiandika muhtasari wakati sura ya mzee bado unaiona. Kwa wiki mbili, ukiondoa siku za kujitambulisha, Ijumaa au Jumapili, na msiba utakaotokea kijijini, hesabu hiyo inatosha.

Usianze na "ulizaliwa mwaka gani". Wazee wengi watakutajia mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho. Tumia matukio: ulifika kabla ya Uhuru au baada? Wakati wa Azimio la Arusha ulikuwa tayari umeoa? Operesheni Vijiji ilikukuta unaishi wapi, bado kambini au umeshajenga? Vita vya Kagera ulikuwa na watoto wangapi? Kwa matukio hayo manne utapanga maisha ya mtu kwa usahihi kuliko kwa tarehe. Kisha mwache atembee: kazi ya siku ilikuwaje, kukata majani au korona (kwenye mashine ya kuchakata majani kuwa singa), nani alikuwa mnyapara, kipande kilijazwaje, siku usiyomaliza kazi uliandikiwa nini.

Kwenye kipande, nirudi kwa ile kadi. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kibarua hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo siku 30 za kadi zingeweza kula siku nyingi zaidi za kalenda. Ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, na tafadhali mwambie bibi asiipeleke kuilaminisha. Joto lile huharibu karatasi kuukuu na haliwezi kutenguliwa. Kisha iangalie polepole. Jina limeandikwa vipi? Karani aliandika alichosikia, na jina la Kiha masikioni mwa karani wa pwani lingeweza kugeuka likawa jingine. Usipojua hilo, utamtafuta babu kwenye orodha usimpate. Kuna jina la shamba? Tarehe ya kuanza na ya kumaliza? Kama tarehe ni ya miaka mingi baada ya kufika kwake, basi alikuwa ameshaendelea na kazi nje ya mkataba wa kwanza, na hiyo ni sehemu ya jibu lako. Hata kama imefutika nusu, kwa nini aliitunza? Muulize bibi.

Na bibi, mwanangu, usimhoji kama mjane wa manamba. Mhoji kama yeye. Nyaraka za mashamba zilihesabu wanaume, kwa sababu wao ndio walikuwa na namba. Wanawake wametajwa kama tatizo la kambi, au kama idadi ya wake wanaokula posho. Kama bibi alitoka Kigoma, alikujaje, na nani alimlipia nauli? Kama ni mwenyeji wa Muheza, wazazi wake walisema nini alipotaka kuolewa na mtu wa kuja? Nani alimpa babu mahali pa kulima mgomba wa kwanza? Inawezekana jibu la kwa nini wanaume walibaki liko mikononi mwa wanawake, na hakuna ofisa aliyefikiria kuwauliza.

Kuwa mjukuu kutakusaidia na kutakuzuia. Milango itafunguka, lakini kuna mambo mzee hatayasema mbele ya mjukuu wa rafiki yake. Jina lenyewe "manamba" wapo waliolibeba kama tusi. Anza kwa kuuliza walikuwa wanaitwaje na wenyewe walijiitaje, kisha fuata lugha yao. Sehemu nyingi za Tanga pia kuna migogoro ya ardhi kati ya vijiji na mashamba ya mkonge. Kijana anayezunguka na kinasa sauti akiuliza "nani alikupa eneo hili mwaka gani" anaweza kuonekana wakili wa mtu. Jieleze tangu siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba hii ni kazi ya shule na haitampa wala kumnyang'anya mtu shamba. Omba ridhaa ya kila mmoja kabla ya kurekodi, na umwambie anaweza kusema "hili lisiandikwe". Akisema hivyo, lisiandikwe.

Jiandae pia kusikia jambo la nyumbani. Baadhi ya wanaume waliobaki waliacha mke na watoto walikotoka. Sisemi babu alifanya hivyo, ila ukilikuta, uongee na baba na mashangazi kabla halijafika kwenye karatasi ya chuo. Kubadilisha majina hakutoshi mahali ambapo kila mtu anamjua mjukuu wa nani anaandika.

Kuhusu mapitio ya maandiko, si orodha ya muhtasari wa vitabu. Ni kueleza mazungumzo yamefika wapi na wewe unaingilia wapi. Una bahati: wanahistoria Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago walifanya utafiti juu ya wafanyakazi wa kuhama wa mkonge, ukachapishwa mwaka 1983. Tambila aliitazama Tanga iliyovuta watu, Sago akaitazama Kigoma iliyotoa watu. Hao ni ncha mbili za safari ya babu yako. Uzito wao ulikuwa kwenye nguvu zilizowaondoa watu makwao na jinsi walivyotumikishwa. Wewe unauliza kilichotokea mkataba ulipokwisha. Ukiweza kusema hivyo kwa aya tatu zilizo wazi, mapitio yako yamekamilika kuliko kurasa kumi za "fulani anasema".

Njia nyingine zipo, na nizipime kwa haki. Unaweza kuandika maisha ya babu peke yake: kazi nzuri, yenye moyo, lakini kwa mtahini wa shahada ya kwanza utapata shida kueleza inasema nini zaidi ya familia yenu. Unaweza kubaki Dar ukasoma nyaraka tu: nafuu, salama, hakuna kuumwa njiani, ila utajibu maswali ya mwajiri, kwa kuwa ndiye aliyeandika. Mchanganyiko ninaokushauri una dosari moja ambayo lazima uikiri kwenye sura ya mbinu. Utazungumza na waliobaki, tena waliobaki na kuishi miaka mingi. Waliorudi Kigoma hawapo Muheza kukueleza kwa nini walirudi. Kwa hiyo huwezi kudai umeeleza kwa nini manamba *kwa jumla* walibaki. Unaeleza jinsi hawa walivyobaki na wanavyolieleza jambo hilo. Kama una ndugu Kigoma wanaoweza kukutafutia mzee mmoja au wawili waliorejea, hata mkaongea kwa simu, utafiti wako utapata mguu wa pili.

Ratiba isikusumbue sana. Anza na siku chache za nyaraka Dar kabla ya Muheza, ili uende ukijua majina ya mashamba na maofisa, kisha uache nafasi ya kurudi kwenye nyaraka baadaye, kwa sababu wazee watakutajia mambo ambayo hukujua kuyatafuta. Anayetumia muda wote wa nyaraka mwanzoni hana pa kuyapeleka maswali anayorudi nayo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatakutosha, na uende ana kwa ana. Swali lako jipya mpelekee msimamizi wiki hii, ukurasa mmoja tu, kabla hujaandika pendekezo zima. Yeye ndiye atakayesimama nawe. Kama mzee analia au anatetemeka anaposimulia, zima kinasa sauti, kaa naye, mwite mtu wa nyumbani, na siku hiyo usiulize tena. Kama mazungumzo yataangukia kwenye kesi ya ardhi iliyo mahakamani, usiendelee kabla ya kuongea na msimamizi, kwa sababu rekodi yako inaweza kutakiwa na upande mmoja. Na barua ya kibali cha utafiti iombe chuoni sasa hivi, usisubiri pendekezo lipite kwanza ndipo uanze kuuliza utaratibu: itatoka chuo, iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, ishuke wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na kijiji, na kila meza ina foleni yake. Wiki mbili zako za Muheza zisianze kuhesabika ukiwa umekaa kwenye benchi la ofisi unasubiri saini.